Bill Shankly: Meneja Aliyesajili kwa Pauni za Kuhesabu



Mashabiki wa Liverpool huko nyumbani ni wengi kuliko wanachama waliolipa ada ya mwaka, jambo tunaloliandika kwa masikitiko ya kihasibu. Siku ya mechi vibanda umiza vya stendi na vya sokoni hujaa mpaka watu wanachungulia dirishani, na jezi nyekundu utaziona hadi kwa madereva wa bodaboda. Lakini ukiuliza ni nani aliyeijenga timu hiyo, wengi watakutajia makocha wa juzi. Bill Shankly, aliyefariki mwaka 1981, anatajwa na wazee wachache tu.

Sisi wa kamati ya fedha tuliombwa kuandika maisha ya mtu mmoja mashuhuri kwa ajili ya kijitabu cha harambee cha mwaka huu. Tumemchagua yeye, wala si kwa sababu ya vikombe vya Liverpool. Kabla ya Liverpool alifanya kazi miaka kumi katika timu nne zisizo na fedha, tatu kati ya hizo zikiwa daraja la chini kabisa la ligi ya Uingereza, na kila msimu alikutana na swali lile lile lililotugawa kwenye mkutano mkuu uliopita: hii fedha kidogo iliyopo, tumsajili nani?

Mabishano yale mnayakumbuka. Upande mmoja ulitaka fungu lote la michezo litumike kuleta mamluki kutoka mjini ili timu yetu ipande daraja msimu huu huu. Upande wa pili ulitaka fedha hiyo ibaki kwa vijana wa nyumbani, viatu, nauli na ukarabati wa kiwanja. Mkutano uliahirishwa jua limezama bila uamuzi, na suala hilo linarudi mezani mwaka huu. Someni basi maisha ya mtu huyu mkiwa na hilo akilini.

William Shankly alizaliwa tarehe 2 Septemba 1913 katika kijiji cha Glenbuck, wilaya ya Ayrshire, Scotland. Kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, chenye nyumba za mistari na watu mia kadhaa, mbali na miji mikubwa. Baba yake, John, alikuwa fundi cherehani. Watoto walikuwa kumi, wavulana watano na wasichana watano, na Bill alikuwa wa tisa. Wavulana wote watano walikuja kucheza mpira wa kulipwa. Wajomba zake wawili walikuwa wameutangulia mlango huo huo.

Mtu anaweza kudhani ni familia moja tu yenye bahati. Sivyo. Katika muda wa miaka hamsini hivi, kijiji hicho kidogo kilitoa wachezaji wa kulipwa takriban 50, na baadhi yao waliichezea timu ya taifa ya Scotland. Mwaka 1901 Tottenham ilipochukua Kombe la FA ikiwa nje ya ligi kuu ya wakati huo, wawili kati ya wachezaji wake, Sandy Tait na Sandy Brown, walikuwa watoto wa Glenbuck, na Brown alifunga katika kila raundi ya mashindano hayo. Timu ya kijiji iliitwa Cherrypickers. Haikuwa na mfadhili wala uwanja wa maana. Ilichokuwa nacho ni kaka waliowafundisha wadogo zao, na ushindani mkali na vijiji jirani. Tunaliandika hili kwa ajili ya wale wanaosema kwetu hakuna vipaji kwa sababu kwetu ni kudogo.

Bill aliacha shule mwaka 1928 akiwa na miaka 14, akaingia mgodini pamoja na kaka yake Bob. Alifanya kazi hiyo miaka miwili hivi, kisha mgodi ukafungwa na yeye akawa hana ajira. Alipofikia umri wa kuichezea Cherrypickers, timu nayo ilikuwa inakufa, kwa hiyo akaenda kuchezea timu ya Cronberry Eglinton, kilomita karibu ishirini kutoka kwao, akienda na kurudi kwa baiskeli.

Huko Cronberry ndiko alikoonekana na msaka vipaji wa Carlisle United, timu ya Daraja la Tatu Kaskazini iliyoko mpakani mwa Uingereza na Scotland. Mwaka 1932 alipewa majaribio ya mwezi mmoja, akasajiliwa, akacheza mechi 16 tu. Mwezi Julai 1933 Preston North End ilimnunua kwa pauni 500. Kwa Carlisle hiyo ilikuwa biashara: kijana aliyeokotwa kijijini bila ada yoyote alirudisha pauni 500 ndani ya mwaka mmoja. Timu ndogo za wakati ule ziliishi hivyo, na za leo pia.

Miaka yake Preston tutaipitia haraka. Alikuwa kiungo wa kulia, mkimbiaji, mkabaji asiyechoka. Alipanda na timu hadi daraja la kwanza mwaka 1934, akafungwa katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1937, akalichukua kombe hilo mwaka 1938 kwa bao la penalti dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Aliichezea Scotland. Kisha vita ikaja na kumla miaka yake bora. Aliitumikia katika jeshi la anga. Mwaka 1944 alimwoa Agnes Fisher, ambaye wote walimwita Ness. Vita ilipokwisha alikuwa amekaribia mwisho wa uchezaji wake.

Mwezi Machi 1949, akiwa na miaka 35, alirudi Carlisle kama meneja. Hapa ndipo habari yetu inapoanza hasa.

Aliyemtangulia pale, Ivor Broadis, alikuwa meneja na mchezaji kwa wakati mmoja. Alikuwa ndiye mchezaji bora wa timu, na mwanzoni mwa mwaka huo aliuzwa Sunderland kwa pauni 18,000, uhamisho ambao yeye mwenyewe kama meneja alihusika nao. Mtu aliyejiuza mwenyewe! Sisi tulipousoma mkasa huu tulicheka, kisha tukajiuliza tungeuandikaje kwenye vitabu. Klabu ilipata fedha lakini ilibaki bila meneja na bila mshambuliaji wake hodari.

Shankly alikuta uwanja wa Brunton Park umechakaa, majukwaa yake ni ya mbao, na vifaa ni vya kutia huruma. Inasimuliwa kwamba alizichoma moto jezi kuukuu za timu, na kwamba safarini kwenda mechi alilisimamisha basi kwenye duka la michezo akanunua seti mpya. Mhasibu yeyote angeguna: hapakuwa na zabuni wala idhini ya matumizi. Lakini hebu tufikirie alichonunua. Hakuwa na fedha ya kununua mchezaji, ila alikuwa na fedha ya kununua jezi kumi na moja, na mchezaji wa daraja la tatu aliyevaa jezi safi anasimama tofauti na aliyevaa iliyochanika. Tumeliona hilo nyumbani siku ile timu yetu ilipoingia uwanjani na jezi za michango ya wanachama.

Ugumu mkubwa wa kusajili Carlisle ulikuwa umbali. Mchezaji wa kusini alikiona kituo cha treni cha Carlisle kama mwisho wa dunia. Shankly aliugeuza umbali huo kuwa silaha. Timu ngeni zikifika alizikumbusha kwamba zimechoka na safari, na wachezaji wake akawaambia wapinzani wamefika wamevunjika migongo. Katika kusajili aliangalia kwanza wa karibu. Beki mmoja aliyemkuta pale, Geoff Twentyman, alikuwa kijana wa Brampton, mji mdogo jirani. Shikeni jina hilo, tutalirudia.

Jambo la pili alilofanya lilihusu watu wa majukwaani. Kabla ya mechi alichukua kipaza sauti cha uwanja akawaeleza mashabiki kwa nini amebadilisha kikosi, nani anaumwa, na timu imekosea wapi wiki iliyopita. Viongozi wa wakati ule hawakuwa na desturi hiyo. Sisi tunaiona kama taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa kwa wenye mali. Mtu aliyelipa kiingilio aliambiwa kilichofanyika, naye akarudi wiki iliyofuata na mwenzake. Kwa timu ambayo fedha yake inatoka mlangoni, kila kichwa kilichoongezeka kilikuwa nauli ya mchezaji.

Matokeo yakaja. Msimu wa 1948/49 Carlisle ilimaliza nafasi ya 15, ikapanda hadi ya tisa, kisha mwaka 1951 ikawa ya tatu. Mwezi Januari wa mwaka huo ilikwenda London kucheza na Arsenal katika Kombe la FA, ikatoka sare bila bao. Marudiano nyumbani ilichapwa 4–1, lakini kwa timu ya aina hiyo mechi mbili na Arsenal ni mapato ya mlangoni yasiyopatikana mara kwa mara.

Aliondoka kwa ugomvi wa fedha. Kwa maelezo yake, wachezaji waliahidiwa bonasi endapo wangemaliza katika nafasi tatu za juu, na walipomaliza ahadi haikutekelezwa. Mwaka huo huo aliitwa kwenye usaili Liverpool. Alipogundua kwamba kule wakurugenzi ndio wenye neno la mwisho kuhusu nani acheze, hakuafikiana nao. Wanachama wanaowapigia simu makocha wetu usiku wa kuamkia mechi, wakitaja majina ya wapwa zao, wameelewa tunamaanisha nini.

Akaenda Grimsby Town, klabu ya mji wa wavuvi wa bahari ya kaskazini. Grimsby ilikuwa daraja la kwanza mpaka mwaka 1948, na mwaka 1951 ikajikuta daraja la tatu. Wachezaji wengi wazuri walikuwa wameshauzwa kabla ya yeye kufika. Alibaki na wazee wenye uzoefu, akaongeza wachache walioachwa na timu nyingine, aliowapata kwa bei ndogo. Alikuwa na jicho la kumtambua mchezaji aliyewekwa kwenye orodha ya kuuzwa kwa sababu ya kutoelewana na meneja wake, si kwa sababu miguu imekwisha. Huyo bei yake hushuka, ila mpira wake bado upo.

Inafaa tueleze hapa jinsi soko la wachezaji lilivyokuwa. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na kiwango cha juu cha mshahara ambacho hakuna klabu iliyoruhusiwa kukivuka. Mpaka kilipofutwa Januari 1961 kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Pia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha hakuwa huru kwenda atakako, klabu iliweza kuendelea kumshikilia. Kwa hiyo timu ndogo haikuporwa wachezaji kwa mishahara minono kama ilivyo leo. Iliumizwa na ada ya uhamisho, kwa sababu hiyo haikuwa na kikomo. Aliyekuwa na pauni elfu kumi alinunua mtu mmoja. Aliyekuwa na mia tano alitafuta Bill Shankly mwingine kijijini.

Msimu wake wa kwanza Grimsby ilimaliza ya pili, pointi tatu nyuma ya Lincoln City, na wakati huo bingwa peke yake ndiye aliyepanda daraja. Shankly aliisifu timu ile maisha yake yote. Lakini msimu uliofuata ilimaliza ya tano. Wachezaji walewale walikuwa wameongeza mwaka mmoja, na wengine walikuwa wameshapita miaka thelathini. Sisi wahasibu gari tunalihesabia uchakavu kila mwaka, na tunatenga fedha ili likifa kuwe na jingine. Grimsby haikutenga. Shankly aliwapenda wazee wake mno, akachelewa kuwaondoa, na alipotaka kununua mbadala bodi haikuwa na fedha au haikutaka kuitoa. Alianza kuingiza vijana wa timu ya akiba, lakini Januari 1954 akajiuzulu. Ness naye alikuwa amechoka kuwa mbali na kwao.

Hili la Grimsby tunalitilia mkazo kuliko yote, maana ndiyo hesabu ambayo wanaotaka mamluki hawaifanyi. Mchezaji mzoefu wa bei nafuu anakupa msimu mmoja mzuri, pengine miwili. Baada ya hapo huna cha kuuza, maana hakuna anayenunua goti la miaka 33, na bado unahitaji mwingine. Shankly, pamoja na jicho lake lote, hilo halikumwepuka.

Kutoka Grimsby alishuka zaidi, akaenda Workington, mji wa makaa ya mawe na chuma kwenye pwani ya magharibi. Klabu hiyo iliingia kwenye ligi mwaka 1951 tu na tayari ilikuwa mkiani. Kwa kanuni za wakati ule timu mbili za mwisho ziliomba kupigiwa kura na wenzao ili zibaki, na zikikataliwa zinatoka kwenye ligi kabisa. Alichokikuta pale kingetosha kumrudisha mtu mwingine nyumbani. Meneja alikuwa pia karani. Alipokea simu, alisoma barua na kuzijibu kwa taipureta kuukuu, na kila wiki alikwenda benki mwenyewe kuchukua fedha taslimu za mishahara, akarudi nazo mkononi. Mkaguzi wa hesabu angeandika ukurasa mzima kuhusu utaratibu huo. Uwanja nao walitumia pamoja na klabu ya raga, na nyasi ziliharibika vibaya, jambo lililomuudhi kuliko kukosa fedha.

Hata hivyo timu ilinusurika mwaka 1954, na msimu uliofuata ikamaliza nafasi ya nane.

Novemba 1955 alihamia Huddersfield Town, safari hii kufundisha timu ya akiba chini ya Andy Beattie, na mwaka mmoja baadaye akawa meneja kamili. Klabu ilikuwa daraja la pili, yenye historia kubwa na pochi ndogo. Huko alikutana na mtoto wa mvuvi wa Aberdeen aliyeletwa akiwa na miaka 15, mwembamba kama fimbo, anavaa miwani kwa sababu ya makengeza. Mtu wa kawaida angemrudisha kwao kwa basi la jioni. Klabu ilimgharamia upasuaji wa jicho, na Shankly akahakikisha anakula, nyama na maziwa, mpaka mwili ukajaa. Mwezi Desemba 1956, akiwa na miaka 16, akampanga timu ya wakubwa. Jina lake Denis Law. Mwezi Machi 1960 Huddersfield ilimuuza Manchester City kwa pauni 55,000, kiasi ambacho kilikuwa rekodi nchini Uingereza.

Tulipoipiga hesabu hiyo kwenye kamati tulitulia kidogo. Gharama ya operesheni ya jicho, miwani, nyama, maziwa na kitanda cha kulala. Upande wa pili pauni 55,000. Kocha wetu wa vijana aliwahi kutuletea ombi la fedha ya uji na mayai kwa watoto wa mazoezini, likakaa chini ya mafaili ya paa la zahanati. Paa lilikuwa muhimu, hatubishi. Mayai nayo yamo kwenye bajeti ya mwaka huu.

Tusimpambe lakini. Kule Huddersfield Shankly hakupandisha timu. Desemba 1957 ilikuwa mbele kwa mabao 5–1 dhidi ya Charlton iliyobaki na watu kumi uwanjani, ikafungwa 7–6. Aliwaona washambuliaji na mabeki aliowataka kule Scotland, wakiwemo Ian St John na Ron Yeats, ila klabu haikuweza kuwalipia.

Desemba 1959 Liverpool walimwita tena, na mara hii ilikubalika kwamba kikosi atachagua yeye. Ilikuwa timu ya daraja la pili tangu 1954, uwanja wa mazoezi una vichaka, na Januari ya mwaka huo huo ilikuwa imetolewa kwenye Kombe la FA na Worcester City, timu isiyokuwemo hata kwenye ligi. Mechi yake ya kwanza alichapwa na Cardiff 4–0 nyumbani. Wafanyakazi wa benchi la ufundi aliowakuta, Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett, hakuwafukuza. Wachezaji ndio aliowapunguza, 24 kati yao waliondoka.

Hapo mwanzo bodi ya Liverpool nayo ilikuwa nzito kutoa fedha. Aliyebadilisha mambo alikuwa mtu wa fedha, Eric Sawyer, aliyetoka kampuni ya Littlewoods na kuingia kwenye bodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mnatusamehe kwa kujivunia mwenzetu. Wakati wakurugenzi wenzake walisema klabu haina uwezo wa kumnunua St John na Yeats, Sawyer alijenga hoja kwamba kutowanunua ndiyo hasara kubwa zaidi. Mwaka 1961 wote wawili wakaja, St John kwa pauni 37,500 kutoka Motherwell na Yeats kutoka Dundee United. Mwaka uliofuata Liverpool ikapanda. Ubingwa wa nchi ukaja mwaka 1964, ukarudi 1966 na 1973. Kombe la FA, ambalo klabu haikuwahi kulipata, lilikuja mwaka 1965 na tena 1974. Kombe la UEFA likaja 1973.

Kwa hiyo wanaosema ari pekee inatosha hawajaisoma habari hii vizuri. Carlisle, Grimsby, Workington na Huddersfield zilikuwa na meneja yuleyule, ari ileile, na hakuna aliyoipandisha daraja. Palipopatikana fedha ya wachezaji wawili wa katikati, jengo lilisimama. Ila fedha hiyo ilikuta nyumba ina msingi: Roger Hunt alikuwa tayari pale, na Ian Callaghan na Tommy Smith walikuwa watoto wa mji huohuo, waliolelewa na klabu bila ada ya uhamisho.

Sasa turudi kwa Geoff Twentyman. Mwaka 1967 Shankly alimtafuta beki wake yule wa Carlisle akamfanya mkuu wa wasaka vipaji wa Liverpool. Wote wawili walizijua timu ndogo kwa kuziishi, na hawakuona aibu kwenda kwenye viwanja vya daraja la nne siku ya Jumanne mvua inanyesha. Scunthorpe United ilikuwa moja ya timu hizo. Mwaka huo huo walimchukua kipa wake kijana, Ray Clemence, kwa pauni 18,000. Alikuja kuwa kipa wa taifa.

Mwaka 1971 walirudi tena hapo hapo Scunthorpe. Shankly alikuwa na shida kubwa: mwaka 1970 timu yake ilitolewa kombeni na Watford, na akakubali, kwa uchungu, kwamba wazee wake wamekwisha. Safari hii hakufanya kosa la Grimsby, aliwatoa. Scunthorpe kulikuwa na kijana mfupi aliyekwisha kukataliwa na klabu kubwa kidogo kwa umbo lake, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya shaba, na aliyeshacheza mechi zaidi ya mia moja za daraja la nne. Walimpata kwa pauni 33,000 hivi. Huyo ni Kevin Keegan. Mechi yake ya kwanza, Agosti 1971, alifunga ndani ya dakika kumi na tano. Mwaka 1977 Liverpool ilimuuza Hamburg ya Ujerumani kwa pauni 500,000.

Shankly hakuwepo kwenye mauzo hayo. Julai 1974, miezi michache baada ya kuchukua kombe, alijiuzulu ghafla na kuushangaza mji mzima. Msaidizi wake Paisley akarithi kikosi, na vikombe vya Ulaya vikafuata. Shankly aliendelea kuishi kwenye nyumba yake ya kawaida ya West Derby, nyumba ambayo karani wa benki angeimudu. Alicheza mpira na watoto wa mtaani, akajibu barua za mashabiki kwa taipureta, na wengi waliomjua walisema alijuta kuondoka mapema. Alifariki tarehe 29 Septemba 1981 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 68.

Na Glenbuck? Migodi ilifungwa miaka ya 1930, timu ikavunjika, vijana wakaondoka mmoja mmoja. Nyumba zilibomolewa, na baadaye mashine za machimbo ya wazi zikalima sehemu kubwa ya ardhi ile. Kijiji kilichotoa wachezaji 50 hakina wakazi wa kuunda timu. Kuna jiwe la kumbukumbu, na mashabiki wa Liverpool huenda kuweka skafu zao hapo. Watoto wa Glenbuck walizipa faida Preston, Tottenham, Portsmouth na Liverpool. Nyumbani hapakuwa na chama, mfuko wala leja ya kuandika kilichorudi.

Mapendekezo ya kamati kwa mkutano mkuu ni haya. Fungu la michezo ligawanywe: sehemu kubwa iende kwa timu ya vijana chini ya miaka 17, chakula cha mazoezini, viatu, na nauli ya makocha wawili kuzunguka mechi za shule za msingi na sekondari katika kata zote. Sehemu ndogo isajili wachezaji wasiozidi wawili wa kutoka nje, beki wa kati na mshambuliaji, kwa mikataba ya maandishi na malipo kwa hati, si kwa kupeana mkononi stendi. Kila kijana atakayechukuliwa na klabu nyingine awe na barua inayotaja timu yetu kama timu iliyomlea, ili akiuzwa tuwe na cha kudai. Uteuzi wa kikosi ubaki kwa kocha.

Makadirio kamili yako kwenye kurasa za mahesabu nyuma ya kijitabu hiki, pamoja na fomu ya ahadi. Ahadi zipelekwe kwa mweka hazina wa tawi lako kabla ya siku ya harambee, na usikubali kuondoka bila stakabadhi.